Jibu la Serikali Nalo Lina Vipimo
Mazungumzo kwa wakazi wa mji wa kale wa Lamu kuhusu msaada wa wazee, matengenezo ya nyumba za kale na haki ya mwananchi kujibiwa



Mara nyingi mamlaka yetu hualikwa kuzungumza juu ya mizani iliyochezewa, bidhaa zilizopitwa na wakati na mikopo ya simu ambayo gharama yake haionekani mpaka siku ya kulipa. Leo tunazungumza juu ya kitu ambacho hakiuzwi dukani, lakini kila mmoja wetu amewahi kukipokea na kukihifadhi kwenye bahasha. Kitu hicho ni jibu la serikali.

Huenda mtu akauliza: mtetezi wa mtumiaji wa bidhaa ameingiaje katika barua baina ya raia na ofisi ya umma? Ameingia kwa mlango wa Katiba. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata huduma zenye ubora unaostahili na taarifa za kumwezesha kufaidika nazo. Kifungu hicho hicho kinasema kwamba haki hizo zinahusu bidhaa na huduma zinazotolewa na watu binafsi na pia zile zinazotolewa na taasisi za umma. Basi kama kilo ya sukari ina kipimo, jibu la ofisi nalo lina kipimo.

Tuchukue mfano. Tumeutunga kwa ajili ya somo hili na haumhusu mtu yeyote aliye hapa, ila wengi mtauona ni wa karibu.

Kuna bibi mwenye umri wa miaka 74, mjane, anayekaa katika nyumba ya mawe aliyoachiwa na wazee wake. Ameomba kuingizwa katika mpango wa Inua Jamii. Mvua za masika zimepenya darini, na boriti mbili zimeoza pale zinapoingia ukutani. Ameziandikia ofisi mbili. Ya kwanza imemjibu: “Ombi lako limepokelewa na linashughulikiwa kulingana na upatikanaji wa fedha.” Ya pili imemjibu: “Jengo hilo limo katika eneo lililohifadhiwa. Unashauriwa usifanye mabadiliko yoyote bila idhini.”

Barua zote mbili zina adabu, zina mhuri na zina sahihi. Lakini bibi akimaliza kuzisoma hajui kesho asubuhi afanye nini. Ya kwanza imemwambia angoje fedha. Ya pili imemkataza kutumia hata kidogo alicho nacho. Mvua nayo haingoji.

Neno letu kuu leo ni hili: barua zile mbili ni majibu, lakini si maamuzi. Uamuzi ni ndiyo au hapana, wenye sababu, tarehe na jina la aliyeutoa. Uamuzi hukatiwa rufaa. Jibu lisilo na uamuzi halikatiwi rufaa, na ndiyo maana linaweza kumweka mtu kizani miaka mingi bila yeyote kuonekana amemnyima haki. Kazi ya mwananchi ni kuligeuza jibu la heshima liwe uamuzi.

Vipimo vinne vya jibu

Kila barua ya serikali inapokufikia, isome kwa maswali manne.

La kwanza: nani amejibu, na kwa sheria gani? Jibu zuri hutaja cheo cha mwenye kuamua na sheria anayoitumia. Palipoandikwa “kwa mujibu wa taratibu” bila kutajwa utaratibu wenyewe, uliza ni upi, na uombe nakala yake.

La pili: je, limeamua? Tafuta neno la uamuzi: limekubaliwa, limekataliwa, limesimamishwa, limeondolewa. Kama hulioni, hujaamuliwa.

La tatu: sababu ni ipi? Kifungu cha 47 cha Katiba kinasema kuwa mtu ambaye haki yake imeathiriwa na hatua ya kiutawala ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya mwaka 2015 kuhusu haki katika hatua za kiutawala imeongeza uzito: mtu akiomba sababu naye afisa asizitoe, huchukuliwa kwamba hatua ile ilifanywa bila sababu ya maana, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo kunyamaza hakumlindi afisa.

La nne: siku ngapi, na mlango upi unaofuata? Haki ya rufaa ina muda wake. Ukikosa kujua muda, unaweza kuwa na hoja nzuri mkononi na mlango umekwisha kufungwa.

Maneno yanayohitaji kufasiriwa

Maneno fulani hurudi katika barua za serikali kila mara. Hayana ubaya, bali yana maana finyu kuliko inavyodhaniwa.

“Linashughulikiwa” lina maana kwamba barua yako imefika, basi. Halina ahadi ndani yake. Uliza: liko kwa nani, hatua gani imebaki, na uamuzi utatoka lini?

“Serikali haina mpango kwa sasa” ni maelezo ya sera ya leo. Sera hubadilika, na mwenye kuibadilisha mara nyingi ni Bunge au bunge la kaunti wakati wa bajeti. Hapo barua ya malalamiko kwa karani haina nguvu. Chombo chake ni ombi la wananchi. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni.

“Si jukumu la ofisi hii” huenda likawa kweli. Lakini kama ulichoomba ni taarifa, Sheria ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inasema ofisi iliyopokea barua isiyo yake inaweza kuipeleka kwa ofisi inayohusika ndani ya siku 5, na ikifanya hivyo inapaswa kukujulisha. Kumzungusha mzee kutoka mlango hadi mlango si utaratibu wa sheria.

“Unashauriwa” ni ushauri. Lisichukuliwe kuwa katazo wala ruhusa.

“Kulingana na upatikanaji wa fedha” ndilo zito kuliko yote, na linatuingiza katika suala la msaada wenyewe.

Msaada wa wazee

Inua Jamii inahusu makundi matatu: wazee wa miaka 70 na zaidi, watu wenye ulemavu mkubwa, na mayatima na watoto walio katika mazingira magumu. Kiwango kilichozoeleka ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Kwa mwaka mzima ni shilingi 24,000. Tuseme wazi kwamba fedha hizi ni za chakula, dawa na mahitaji madogo. Hazikukusudiwa kuinua dari, na anayemwambia bibi wa mfano wetu azingoje ili atengeneze nyumba anampotosha.

Hata hivyo, si sadaka. Kifungu cha 43 cha Katiba kinataja hifadhi ya jamii miongoni mwa haki za kila mtu, na kinaitaka Serikali itoe hifadhi inayofaa kwa wasioweza kujikimu. Haki hii hutimizwa hatua kwa hatua, na hapo ndipo maneno ya upatikanaji wa fedha yanapopata nafasi. Lakini Kifungu cha 20 kimeweka masharti. Serikali ikidai kwamba haina rasilimali za kutimiza haki hiyo, ni juu yake kuonyesha kwamba hazipo, na inapozigawa inapaswa kuangalia hali ya makundi yaliyo dhaifu. Kwa upande wa pili, mahakama haiingilii mgao kwa sababu tu ingeugawa vinginevyo. Kwa hiyo tusidanganyane: Katiba haimpi kila mwombaji fedha kesho. Inachompa ni haki ya kutofungiwa mlango kwa neno moja la jumla.

Swali la “mtanipa lini?” ni rahisi kujibiwa kwa “fedha zikipatikana.” Maswali yenye nguvu ni haya: Je, jina langu limo katika orodha ya waliosajiliwa? Liliingizwa tarehe gani? Kama halimo, ni sharti gani sikulitimiza? Kama lilikuwamo likaondolewa, nani aliliondoa, lini, na kwa sababu ipi? Haya hayategemei hazina. Yako katika kumbukumbu za ofisi, na yanajibika leo.

Mara nyingi sababu huwa ndogo kuliko hofu yetu. Wazee wengi walizaliwa bila cheti, na umri ulioandikwa katika kitambulisho ulikadiriwa na karani. Mtu wa miaka 74 anaweza kuwa na 67 katika karatasi. Kifungu cha 35 kinampa kila mtu haki ya kusahihishiwa taarifa isiyo ya kweli inayomwathiri. Basi kama kikwazo ni umri ulioandikwa vibaya, dawa yake ni kusahihisha kumbukumbu katika ofisi ya usajili wa watu. Kuwalalamikia maafisa wa malipo hakutabadilisha kitu.

Tahadhari moja. Kusajiliwa hakulipiwi. Yeyote anayedai “chai” ili asukume jina, au anayekata fungu la fedha za mzee kwa kumsaidia kuzipokea, anafanya kosa. Mzee asiachie mtu kadi yake wala namba yake ya siri, hata akiwa jirani wa miaka mingi.

Matengenezo ya nyumba za kale

Sasa turudi darini. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Kuna wanaodhani kuwa tangu hapo kila msumari unahitaji ruhusa ya UNESCO. Sivyo. UNESCO haitoi vibali vya ujenzi. Masharti yanayomfunga mwenye nyumba yanatoka katika sheria za Kenya, na ofisi zenye kauli ni zaidi ya moja.

Ya kwanza ni Makumbusho ya Taifa ya Kenya, chini ya Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006, ambayo inahusu majengo na maeneo yaliyotangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Ya pili ni serikali ya kaunti, chini ya sheria ya mwaka 2019 ya mipango na matumizi ya ardhi, ambayo ndiyo inayotoa idhini ya uendelezaji. Kibali cha moja hakiondoi haja ya cha nyingine. Na kwa kuwa boriti zetu ni za mikoko, fundi anayezinunua hana budi kujua kwamba mikoko nayo huvunwa kwa leseni chini ya usimamizi wa huduma ya misitu.

Masharti haya yana sababu, na ni vema mwenye nyumba aijue ili asiyaone kuwa adhabu. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa. Ukuta kama huu hunyonya unyevu na kuutoa tena kupitia lipu ya chokaa. Ukipigwa saruji kwa nje, unyevu na chumvi hukosa njia. Huganda ndani, lipu ikabambuka, na jiwe likaanza kuwa unga. Zege zito juu ya boriti za zamani huongeza mzigo ambao ukuta haukujengewa. Vyumba vyenyewe ni vyembamba kwa sababu upana wake ulipimwa kwa urefu wa boriti. Basi fundi anayesema saruji ni nafuu amehesabu mwaka huu tu, hakuhesabu miaka 10 ijayo.

Lakini sababu nzuri haiondoi haki ya kujibiwa vizuri. Bibi wa mfano wetu ameambiwa “usifanye mabadiliko.” Yeye hataki mabadiliko, anataka dari isimwangukie. Swali lake lilikuwa pana, na jibu likawa pana. Aulize hivi: Je, kuondoa boriti mbili zilizooza na kuweka nyingine za mikoko za unene ule ule, kisha kurudishia chokaa, kunahesabiwa kuwa matengenezo au mabadiliko? Kama ni matengenezo, je, naweza kuanza kwa barua hii? Kama yanahitaji idhini, ni fomu ipi, michoro gani, ada kiasi gani, na nani anakuja kukagua? Je, upo msaada wowote wa kitaalamu au wa vifaa kwa mwenye nyumba asiye na uwezo?

Swali la mwisho linafaa kuulizwa hata kama jibu litakuwa hapana. Hapana iliyoandikwa kwa tarehe ni ushahidi wa kupeleka kwa mwakilishi wa wadi bajeti inapojadiliwa. Hapana ya mdomo hupotea njiani.

Pia atayarishe hati zake. Nyumba nyingi za mji huu ni za mirathi isiyogawanywa, na nyingine ni za wakfu. Ombi laweza kukwama kwa sababu tu haijulikani nani mwenye haki ya kulitia sahihi. Heri warithi wakae pamoja mapema na kumwandikia mmoja wao idhini.

Asianze kazi gizani. Kuendeleza ardhi au jengo bila idhini inayotakiwa ni kosa chini ya sheria ya mwaka 2019. Faini yaweza kufika shilingi 500,000, au kifungo cha hadi miezi miwili, au vyote viwili, na mwenye kosa anaweza kuamriwa kurudisha mahali palivyokuwa. Kwa mtu wa shilingi 2,000 kwa mwezi, kosa la namna hii ni kupoteza nyumba.

Lakini akiomba rasmi akakataliwa, hapo milango inafunguka. Asiyeridhika na uamuzi wa kaunti ana siku 14 za kukata rufaa kwa Kamati ya Uhusiano ya Mipango ya Ardhi ya kaunti, nayo inatakiwa kuiamua ndani ya siku 14. Baada ya hapo ipo Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Sasa mnaona kwa nini tulisisitiza uamuzi. Barua ya “unashauriwa” haikuanzisha hesabu ya siku hata moja, kwa sababu hakuna kilichoamuliwa. Ombi rasmi ndilo linaloilazimisha ofisi kusema neno.

Namna ya kuuliza

Andika barua fupi, na katika kila barua uliza jambo moja. Ombi la fedha, ombi la kibali na lalamiko dhidi ya karani ni barua tatu. Ukizichanganya, afisa atajibu iliyo nyepesi na kuziacha nyingine.

Kwa taarifa, maneno haya yanatosha:

“Kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, naomba kujulishwa kwa maandishi: (a) kama jina langu limo katika orodha ya mpango wa Inua Jamii, (b) kama halimo au limeondolewa, sababu na tarehe ya uamuzi huo, (c) cheo cha afisa aliyeamua. Naomba jibu ndani ya muda uliowekwa na sheria.”

Huhitaji kueleza kwa nini unataka kujua. Unaweza kuandika kwa Kiswahili. Sheria imekitaja pamoja na Kiingereza. Asiyejua kuandika husema kwa mdomo, na afisa anapaswa kuyaandika maneno yake na kumpa nakala. Kupeleka ombi hakuna ada. Unaweza kulipishwa gharama ya nakala tu, isiyozidi gharama halisi. Ofisi inatakiwa kuamua ndani ya siku 21, na ndani ya saa 48 ikiwa taarifa inahusu uhai au uhuru wa mtu. Kama taarifa ni nyingi sana, muda unaweza kuongezwa mara moja tu, usizidi siku 14. Siku zikipita kimya, sheria inahesabu kuwa ombi limekataliwa, nawe una siku 30 za kuomba mapitio kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ile ambayo wengi wanaijua kwa jina la Ombudsman.

Peleka barua ukiwa na nakala ya pili, na usiondoke mpaka igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Mhuri ule ndio mwanzo wa hesabu ya siku. Weka nakala zote mahali pamoja, na uandike katika daftari tarehe, ofisi na cheo cha uliyezungumza naye. Kumbuka pia kwamba siku hazifanani: 30 kwa taarifa, 14 kwa idhini ya ujenzi. Ukichanganya hesabu hizo, utakuta mlango umefungwa.

Tuwape pia maafisa haki yao. Wengi wao wanahudumia watu wengi kwa meza moja na wanatumia maneno waliyoyakuta. Swali lililo wazi huwasaidia hata wao, kwa sababu huwapa kitu cha kupeleka kwa wakubwa wao. Kuuliza kwa adabu na kwa sheria si ugomvi.

Wazee wetu, hekima ya kwetu inasema kuuliza si ujinga. Kila mmoja akirudi nyumbani, afungue ile bahasha, aitoe barua ya mwisho aliyoipokea, na aipime kwa maswali manne: nani na kwa sheria gani, ameamua nini, kwa sababu ipi, na ndani ya siku ngapi naweza kukata rufaa. Barua ikikosa hata moja, haijamaliza kazi yake. Irudishieni swali, kwa maandishi, na tarehe yake. Vijana walio hapa wanaojua kuandika, kaeni jioni moja na wazee wenu muifanye kazi hiyo pamoja.